Reli ya Bububu: Mstari Uliofutika Katika Ramani ya Unguja

Mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co., iliyokuwa na makao yake New York, ilipotandika njia ya reli ya maili 7, yaani kilomita zipatazo 11, kutoka Ngome Kongwe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi kijiji cha Bububu kilichoko kaskazini mwa mji. Njia hiyo haimo tena katika ramani ya kisiwa cha Unguja inayotumika leo. Barabara ya lami inafuata upande uleule wa pwani, daladala namba 502 zinapakia abiria kwenda kulekule, na kumbukumbu ya garimoshi imebaki katika hadithi moja tu inayosimuliwa kwa wageni na kwa watoto, nayo ni kwamba Bububu imepata jina lake kutokana na mlio wa injini ya treni. Hadithi hiyo ni tamu kusikiliza, lakini si ya kweli, na ushahidi wa kuikanusha ulikwisha kuchapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya pau ya kwanza ya reli hiyo kulazwa ardhini.

Sababu moja ya reli hii kusahauliwa imo katika ramani zenyewe. Watafiti wa historia ya Mji Mkongwe hutegemea hasa ramani mbili za kale: ya kwanza ni ile ya mwaka 1846 iliyotokana na safari ya Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, ambayo inauonyesha mji ukiwa umekaa juu ya rasi yenye umbo la pembetatu, ukitenganishwa na upande wa Ng'ambo na hori la bahari lililokuwa likijaa na kupwa pamoja na maji, na ya pili ni ile ya mwaka 1892, iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, ambayo kwayo imewezekana kuhesabu nyumba za mawe, misikiti na viwanja vya wakati huo. Ramani hii ya pili ndiyo inayonukuliwa kila mji unapojadiliwa, nayo ilichorwa miaka 4 baada ya kufa Seyyid Barghash, aliyekuwa na reli yake mwenyewe, na miaka 13 kabla ya Wamarekani kutandika yao. Imeangukia, kwa hiyo, katika pengo lililo baina ya reli mbili za Unguja, na mwanafunzi anayeutazama mji kupitia karatasi hiyo peke yake anaweza kumaliza masomo yake bila ya kujua kwamba kisiwa hiki kiliwahi kusikia honi ya treni.

Reli ya Seyyid Barghash inastahili kutajwa kwanza kwa kuwa ndiyo iliyotangulia katika Afrika Mashariki yote. Sultani huyo, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na aliyefanya ziara ya Ulaya mwaka 1875, alijengewa mwaka 1879 njia nyembamba ya reli kutoka kwenye kasri yake mjini hadi kasri ya Chukwani, upande wa kusini wa mji. Hapo mwanzo mabehewa mawili ya kifahari yalikokotwa na nyumbu, mpaka mwaka 1881 ilipoagizwa kutoka kwa kampuni ya Bagnall ya Uingereza injini ndogo ya mvuke. Upana wa njia hiyo, ambao mafundi huuita geji na ambao ni nafasi iliyopo kati ya pau mbili za chuma, ulikuwa futi 2 tu, kwa kuwa haikukusudiwa kubeba shehena wala umma, bali familia ya kifalme na wageni wake. Barghash alipofariki dunia, njia na injini yake viliuzwa kama chuma chakavu. Reli ya Tanga haikuanza kujengwa mpaka mwaka 1893, na ile ya Mombasa, iliyoitwa Reli ya Uganda, mpaka mwaka 1896. Kwa hiyo, bara lilipoanza kutandika reli, Unguja ilikuwa imekwisha kuwa na yake na kuipoteza.

Wamarekani waliokuja na reli ya pili hawakuwa wageni wa jana kisiwani. Mkataba wa biashara baina ya Seyyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, kabla ya ule wa Waingereza na ule wa Wafaransa. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, mfanyabiashara Richard Waters wa mji wa Salem, aliwasili mwaka 1837. Na mwaka 1840 jahazi la Sultani liitwalo Sultana lilitia nanga New York likiongozwa na Ahmad bin Na'aman. Lugha ya Kiswahili yenyewe inautunza uhusiano huo katika neno merikani, jina la kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho kiliingia kwa marobota na kuenea hadi ndani kabisa ya bara. Kitambaa kilikwenda bara, na pembe za ndovu zikateremka pwani, na kutoka forodha ya Unguja pembe hizo zilipakiwa kwenda kwenye viwanda vya jimbo la Connecticut, ambako zilichongwa kuwa vipande vyembamba vya kuwekwa juu ya vitufe vya piano.

Hapa ndipo reli ndogo ya Bububu inapounganika na aina ya mji ambao haukupata kuwepo Unguja, nao ni mji wa kampuni, yaani mji mdogo ambao mwajiri wake ni mmoja, ambaye mara nyingi ndiye pia mwenye nyumba wanazolala wafanyakazi na ndiye anayelisha duka, shule na kanisa. Mji wa Ivoryton wa Connecticut ni mfano ulio wazi, kwani jina lake limetokana na pembe za ndovu, na uhai wake wote uliegemea kiwanda cha Comstock, Cheney & Co. Pembe zilizotoka Afrika Mashariki zilikatwa humo, kisha vipande vyake vikaanikwa katika vibanda vya kioo ili jua living'arishe. Arnold, Cheney & Co. ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa zilizoagiza pembe kwa ajili ya viwanda vya jimbo hilo, na mmoja wa wanunuzi wake, Ernst D. Moore, aliyefanya kazi katika vituo vya kampuni hiyo Unguja, Mombasa na Aden kati ya mwaka 1907 na 1911, alichapisha mwaka 1931 kitabu kuhusu biashara ya pembe ambamo hakuficha jinsi biashara hiyo ilivyofungamana na utumwa. Moore alikuwa katika nchi hizi katika miaka ileile ambayo treni ya waajiri wake ilikuwa ikikata mitaa ya Unguja. Anayeitazama ramani ya mji wa kampuni huona reli ikiingia moja kwa moja katika lango la kiwanda. Anayeufuata mstari wa Bububu haoni kiwanda chochote mwishoni mwake, kwa sababu kiwanda kilikuwa ng'ambo ya bahari, na kilichobaki kwa Unguja kilikuwa bandari, mashamba na abiria.

Ilipofika mwaka 1905 biashara ya pembe haikuwa tena na nguvu yake ya zamani kisiwani, kwa vile Reli ya Uganda, iliyofika Ziwa Nyanza mwaka 1901, ilikuwa ikiivuta shehena ya bara kwenda Mombasa, na Wajerumani walikuwa wakivuta yao kwenye bandari za Tanganyika. Inaelekea kwamba kampuni iliyozoea kufaidika na Unguja ilitafuta njia nyingine ya kuendelea kufaidika nayo, ikaipata katika mkataba wa idhini, yaani makubaliano ambayo kwayo serikali humpa mwekezaji haki ya kujenga na kuendesha huduma ya umma kwa muda na kwa masharti maalumu. Mbali na reli, kampuni hiyohiyo ilihusika pia na kuleta taa za umeme mjini. Aliyekaa juu ya kiti cha usultani wakati huo alikuwa Seyyid Ali bin Hamud, lakini Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na maamuzi makubwa ya fedha na ujenzi yalipitia mikononi mwa maofisa wa Kiingereza.

Upana wa reli ya Bububu ulikuwa inchi 36, sawa na milimita 914. Tarakimu hiyo inaweza kuonekana kuwa ni jambo la mafundi peke yao, lakini ina maelezo yake. Reli za Wajerumani na Waingereza za bara zilitumia geji ya mita 1, na reli ya kisasa ya SGR ya leo ina milimita 1,435, ilhali inchi 36 ndicho kipimo kilichokuwa cha kawaida kwa reli nyembamba za Marekani, zile zilizopanda milima ya Colorado kufuata machimbo na zilizohudumia miji ya kampuni za madini. Kwa kipimo cha pau zake peke yake, basi, reli ya Unguja inajulisha ilikotoka. Haikulingana na reli nyingine yoyote ya jirani, wala haikuwa na haja ya kulingana, kwa sababu bahari iliizunguka pande zote.

Njia ilianzia ubavuni mwa Ngome Kongwe, jengo la kujihami ambalo Waarabu wa Oman walilijenga baada ya kuwatoa Wareno, na ngome hiyo ikafanywa bohari la vifaa vya ujenzi wa reli. Kutoka hapo treni ilipenya upande wa Malindi, ikauacha mji wa mawe, kisha ikaelekea kaskazini sambamba na bahari, ikipita katika sehemu ya kisiwa ambayo masultani waliichagua kuwa mahali pao pa kupumzikia. Abiria aliyetazama nje aliyapita magofu ya Maruhubi, kasri ambayo Seyyid Barghash aliijenga katika miaka ya 1880 na ambayo iliungua moto mwaka 1899. Akaipita kasri ya Mtoni, kongwe kuliko zote, alimoishi Seyyid Said na alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kisha akafika Beit el Ras kabla ya kuingia Bububu penyewe. Ni vigumu kutaja mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo maili 7 za reli ziliambatana na makasri mengi kiasi hicho.

Beit el Ras inahitaji kusemwa zaidi ya kupitwa tu. Seyyid Said alianza kuijenga kasri hiyo mwaka 1847 ili iwapokee watoto na watumishi ambao Mtoni haikuwatosha tena, lakini alifariki dunia mwaka 1856 kabla ya kazi kukamilika, na warithi wake wakaliacha jengo lilivyo. Wajenzi wa reli walipohitaji mawe, hawakwenda mbali kuyatafuta. Mawe ya Beit el Ras yalitolewa yakatumika katika ujenzi wa njia ya Bububu, na mabaki ya kasri yakaondolewa mwaka 1947 ili kupisha ujenzi wa shule. Kasri iliingia katika tuta la reli, na tuta nalo limemezwa na barabara, kiasi kwamba mtu anayesafiri leo kwenda Bububu huenda anapita juu ya mawe yaliyochongwa kwa amri ya Seyyid Said bila ya kuambiwa. Kitendo hicho cha kulivunja jengo la historia ili kupata malighafi ya karibu na ya bure hakipaswi kuhesabiwa kuwa ni kosa la Wamarekani na Waingereza wa mwaka 1905 peke yao, kwani tabia ya kuligeuza gofu kuwa machimbo ya mawe haijakoma kisiwani.

Katika miaka yake ya mwanzo, reli hiyo ilipendwa. Treni zilikwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, zikiwachukua wakaazi wa shamba, kama wenyeji wa Unguja wanavyoiita sehemu yote iliyo nje ya mji, pamoja na mazao yao kuja sokoni, na kuwarudisha jioni. Meli za abiria zilipotia nanga, behewa maalumu la daraja la kwanza liliandaliwa kwa ajili ya wasafiri waliokuwa na saa chache tu za kukaa bandarini, ili waione minazi, mikarafuu na makasri ya pwani na kurudi kabla ya meli kung'oa nanga. Biashara ya kuwatembeza watalii mashamba, ambayo leo huitwa ziara ya viungo na ambayo huhesabiwa kuwa ni uvumbuzi wa miaka ya karibuni, ilikwisha kuwa na behewa lake zaidi ya karne moja iliyopita, na inasikitisha kwamba wanaoendesha ziara hizo leo hawaoni kuwa wao ni warithi wa kazi hiyo.

Lakini mji wenyewe haukujengwa kwa ajili ya treni. Mitaa ya Mji Mkongwe ilipimwa kwa upana wa punda aliyebeba mzigo na wa watu wawili wanaopishana, na injini ya mvuke iliyopita karibu kabisa na vizingiti vya milango ililazimika kutanguliwa na sauti ya kengele ili wapita njia wajibanze ukutani. Injini ya mvuke hutoa moshi, na pamoja na moshi hutoa cheche; cheche hizo ziliangukia nguo za watu, na kukazuka malalamiko ya kanzu na mabuibui yaliyotobolewa na moto, na nje ya mji malalamiko yakawa mazito zaidi, kwa kuwa nyumba za makuti na mazao yaliyokauka havikuhitaji zaidi ya cheche moja. Malalamiko hayo yanastahili kusomwa kwa uzito wake. Mtu wa Ng'ambo au wa Kibweni ambaye paa lake liliungua hakuwa mwanahisa wa kampuni ya New York, na hakuwa na sauti katika ofisi zilizotoa idhini.

Ndipo inapofika zamu ya jina. Inasemwa, na imeandikwa mara nyingi katika vitabu vya kuongozea wageni, kwamba kijiji kiliitwa Bububu kwa kuigiza mlio wa treni iliyokuwa ikiingia stesheni ya mwisho. Watembeza wageni hulisimulia jambo hilo kwa uhakika, na baadhi ya wenyeji nao hulikubali. Upo upande wa pili unaosema kwamba jina ni la zamani zaidi na kwamba limetokana na chemchemi, kwa maana sehemu za Bububu zina maji yanayotoka ardhini kwa nguvu, na Kiswahili kinalo tayari neno la kuyaeleza maji hayo, ambalo ni kububujika. Mabishano haya yamekuwa yakiendelea kana kwamba ni suala la kuchagua baina ya hadithi mbili kwa kadiri mtu anavyopenda, ilhali sehemu moja yake inaweza kuamuliwa kwa tarehe tu.

Bibi Salme binti Said, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu za maisha yake mjini Berlin mwaka 1886. Katika kitabu hicho analitaja jina la Bububu pamoja na la Kizimbani, akieleza jinsi alivyojitenga na mji baada ya jaribio la mwaka 1859 la Barghash la kutaka kumpindua ndugu yao Majid, jaribio ambalo yeye Salme alilishiriki kwa kuandika barua akiwa msichana wa miaka 15. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na Bububu anayoieleza ni ya kabla ya kuondoka kwake. Katika mwaka huo Afrika Mashariki haikuwa na hata futi moja ya reli: ile ya Chukwani ilikuwa bado miaka 13, na ile ya Bububu miaka 39. Hata mwaka ambao kitabu kilitoka, mtambo wa mvuke uliokuwepo kisiwani ulikwenda kusini na haukugeuza uso wake kuelekea Bububu. Jina lilikuwepo, watu walikuwa wakiishi humo, na binti wa Sultani alikuwa ameliandika katika kitabu, kabla ya mlio wowote wa treni kusikika upande huo.

Wapo wanaoweza kujibu kwamba huenda jina la zamani lilipata nguvu mpya treni ilipofika, na kwamba watoto wa kijiji walilicheza jina lao kwa kufuatisha injini. Jibu hilo linakubalika, kwa kuwa majina hupata maana mpya yanapokutana na mambo mapya. Linaeleza kwa nini hadithi ya treni imeshika mizizi, ila haliwezi kueleza chanzo cha jina. Hoja ya chemchemi, kwa upande wake, haijathibitishwa na maandishi ya wakati ule, lakini inaungwa mkono na mambo mawili yasiyoweza kupuuzwa: lugha, kama ilivyoelezwa, na maji yenyewe, kwa sababu ilikuwa ni kutoka chemchemi za upande huo ambako Seyyid Barghash aliyaleta mjini maji safi kwa mifereji na mabomba, kazi ambayo iliwaondolea wakaazi wa mji sehemu kubwa ya taabu ya visima vya chumvi. Iwapo ni lazima kuchagua, hukumu ya haki ni kwamba Bububu ni kijiji cha maji kilichotembelewa na treni kwa muda mfupi.

Kosa hili la jina lina madhara, ingawa linaonekana dogo. Linapokubaliwa kwamba kijiji kilipewa jina na mashine ya kigeni, inakubaliwa pia, bila ya kusemwa, kwamba kabla ya mashine hiyo hapakuwa na kitu cha kuitwa jina. Na hali Bububu ilikuwa na mashamba, chemchemi na wakaazi wake vizazi kabla ya Wamarekani kuweka taruma la kwanza. Wakati huohuo, hadithi hiyo imeibeba kumbukumbu ya reli ambayo taasisi hazikuibeba, na kama isingekuwapo, huenda watu wengi wasingejua kabisa kwamba treni ilipita.

Mwisho wa reli ulikuja polepole. Mwaka 1911, mwaka uleule ambao Seyyid Ali bin Hamud alijiuzulu na nafasi yake kuchukuliwa na Seyyid Khalifa bin Harub, serikali iliinunua reli kutoka kwa kampuni ya New York, na ikawa mali ya umma. Barabara zilipotengenezwa na magari ya mafuta kuongezeka, abiria waliiacha treni, kwani gari lilimfuata mtu mpaka karibu na mlango wake na halikumtupia cheche. Katika miaka ya 1920 njia ilibaki na kazi ya kubeba mawe kwa ajili ya ujenzi wa bandari mpya, kisha pau zikang'olewa. Hori lililoutenganisha mji na Ng'ambo likaendelea kufukiwa, barabara ikapita juu yake, na ramani mpya zikachorwa kwa sura nyingine.

Yaliyofuata ni machache. Ngome Kongwe ilikarabatiwa mwaka 1949 na uwanja wake ukawa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaachwa bila ya matumizi ya maana. Katika miaka ya 1990 ikafufuliwa kuwa mahali pa maonyesho na matamasha. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lililo jirani kabisa na ngome hiyo na lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua mafundi, na tangu siku hiyo mjadala wa uhifadhi umehusu zaidi majengo makubwa yanayoonekana. Jambo hilo linaeleweka, kwa sababu jengo linaloanguka linaua. Hata hivyo, urithi una vitu visivyo na kuta pia, na njia ya reli ni kimojawapo: ni mstari tu, na mstari usipochorwa haupo.

Kuuchora upya si kazi ya mamilioni. Njia ya treni iliyokwenda sambamba na barabara ya leo imeacha hapa na pale dalili za tuta na madaraja, na mtu mwenye kipimo na subira anaweza kuzifuata kutoka mji hadi Bububu kabla hazijafukiwa na ujenzi wa nyumba na upanuzi wa barabara. Hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani ina wajibu wa kuzikusanya pamoja karatasi za mkataba, ramani na barua za malalamiko za wakati huo ili msomaji wa kawaida aweze kuziona mahali pamoja, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inaweza kuweka ubavuni mwa Ngome Kongwe, mahali treni ilipoanzia, ubao mmoja wenye ramani ya njia nzima, vituo vyake, makasri iliyoyapita na mwaka wa kila jambo. Ubao wa pili uwekwe Bububu, useme kwa Kiswahili kwanza kwamba jina la mahali hapo ni la kale kuliko treni. Na familia za Malindi, Mtoni, Kibweni na Bububu zenye picha za treni hiyo, kadi za posta, tiketi au kipande chochote cha chuma chake kilichohifadhiwa sandukuni, zinaombwa zisivitupe; zivipeleke Kilimani vikanakiliwe, kisha zirudi navyo nyumbani.